Shavu la Mzee Wangu

Mume wangu alivuta sigara tangu kabla sijamjua, na miaka yote ya ndoa yetu nilipigana na zile sigara nikashindwa. Nilizificha, nikazilowesha, nikamnunia. Wapi! Kilichomtikisa ni mjukuu. Binti yetu, nesi huko Nairobi, alijifungua mtoto mwenye kifua kibovu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuja kwetu Mwingi peke yake, akasema wazi: "Baba, mtoto sitamleta hii nyumba mpaka uwache sigara. Akipata moshi anashindwa kupumua."

Akamwachia chingamu yenye nikotini, dawa ya kumwachisha mtu sigara kidogo kidogo. Masharti aliyarudia mpaka nikayashika mimi: atafune polepole, akisikia ukali kama wa pilipili aibane kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha atafune tena. Asiitafune pamoja na chai wala soda, asivute hata sigara moja, na paketi ikae mbali na watoto.

Siku ya kwanza aliitafuna kama mahindi ya kuchoma. Kwikwi ikamshika, tumbo likamchafuka, akadai binti yake anataka kumuua. Nikamwambia binti alisema polepole, na yeye polepole hiyo huijua tu nikimtuma dukani. Akacheka, nami nikapata matumaini.

Basi akajua kuibana. Tatizo, aliibana kila mahali, hata kanisani, shavu limetuna na macho yametulia. Na Mwingi kila mtu alijua shavu la namna ile ni la nani: madereva wa malori ya Garissa, wanaotafuna miraa ya kufukuza usingizi, na chingamu ya kuikata ukali, njia nzima. Haikupita muda, wazee wawili wa kanisa wakaja kwetu na nyuso za matanga.

"Mzee wetu," mmoja akaanza, "hiyo sigara tulizoea. Tumekuombea mpaka tukachoka. Lakini sasa umeingia miraa?"

Mume wangu aliruka kutoka kitini. "Nikivuta hakuna mtu alikuja hapa. Saa hii nimewacha ndio mnakuja? Basi wacha nirudie!" Akachukua koti aende kununua sigara.

Niliogopa sana. Nilijua akitoka na hasira ile, mjukuu sitamwona. Nikasimama mlangoni, na mimi si mwembamba.

"Hutoki," nikamwambia. "Na nyinyi wazee, kujeni muone."

Nikawaonyesha paketi, nikawaeleza dawa yenyewe na mtoto tunayemngojea. Wakaona haya. Mmoja akanyoosha mkono aonje, nikamchapa kidogo vidoleni. "Hii si peremende, mzee. Wewe huvuti, itakutapisha." Tukacheka sote, na koti likarudi kwenye msumari.

Jumapili iliyofuata, mzee yule yule niliyemchapa vidole alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba shavu la ndugu yetu halina miraa. Kanisa zima liliangua kicheko. Mume wangu akageuka akawapungia mkono, shavu limetuna vile vile.

Akaendelea kupunguza vipande kama alivyoelekezwa, mpaka akaweza kukaa siku nzima bila hata kimoja. Ndipo binti yetu akaja na mtoto mgongoni. Hakusalimia kwanza. Alinusa shati la baba yake, akanusa nywele, akanusa vidole, na baba mtu amesimama wima kama anayepimwa nguo kwa fundi. Kisha akamfungua mtoto, akampa babu yake.

Mtoto alilala kifuani pake, anapumua vizuri tu. Niliwaletea chai. Mume wangu hakuigusa yake, aliogopa kusogeza mkono.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "hawa wetu sikumbuki nikiwabeba hivi."

Ilikuwa kweli. Mkono wake mmoja ulikuwa na sigara siku zote, na watoto niliwabeba mimi. Niliketi kando yake, nikamshika mtoto mguu, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.