Ndoo ya Maji na Mkataba wa Kocha

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Chuo alinikabidhi vitu vitatu juu ya meza yake: filimbi, pampu ya mipira na ufunguo wa stoo ya michezo. Nilikuwa nimevaa koti la kaka yangu, mikono yake ikinifunika vidole. Chuo chetu kilikuwa cha ualimu, kati ya Tengeru na Usa River, upande wa juu wa barabara kuu. Mkuu alikuwa Mchaga mrefu, mzee wa kanisa, mtu asiyependa kurudia neno. Aliniambia mshahara wangu ni sawa na wa mkufunzi wa hesabu, kisha akasema: "Sikulipi ushinde. Nakulipa ufundishe. Ukishinda tutafurahi sote, na Jumatatu utaingia darasani kama kawaida."

Nayaandika haya kwa ajili ya makocha vijana wanaokuja nyumbani kwangu Sekei kuniuliza mkataba mnono unadaiwaje. Nawaambia mapema kwamba nina hasira, na asiyetaka kusoma hasira ya mzee aishie hapa.

Kazi ya kocha wa chuo enzi zetu ilianza na jembe. Uwanja ulikuwa na mteremko kuelekea kusini, na fuko walikuwa wakiinua vichuguu usiku kucha kama wamepewa tenda. Asubuhi nilisawazisha, nikachora mistari kwa chokaa, na chokaa ikiisha nilichukua majivu jikoni kwa mpishi. Mpira uliofumuka niliushona kwa sindano ya gunia. Baada ya hapo niliingia darasani kufundisha somo la michezo, yaani mwili unavyofanya kazi, sheria za mchezo, na namna ya kumfundisha mtoto kukimbia bila kumuumiza. Wachezaji wangu walikuwa walimu watarajiwa. Hiyo ndiyo maana ya timu ya chuo, na naona aibu kwamba siku hizi inabidi kuieleza.

Jambo moja la kazi yetu nataka mlielewe vizuri, kwa sababu habari yote inaning'inia hapo. Juu ya uwanja palikuwa na tangi la maji, na kutoka kwenye tangi kulikuwa na ngazi kumi na mbili za mawe hadi kwenye mstari wa pembeni. Muuguzi wa zahanati ya chuo, mama mmoja wa Kimeru aliyestaafu kabla yangu, ndiye aliyenifundisha. Mchezaji aliyeumia goti hakurudi uwanjani kwa maneno yake mwenyewe. Alijaza ndoo hadi ukingoni, akaibeba kwa mkono wa upande wa mguu mbovu, akashuka ngazi zote. Goti zima linashuka taratibu na maji yanatulia. Goti bovu linastuka, na mwenye goti anaweza kukaza uso anavyotaka, maji yatamwagika juu ya kiatu chake. Kiatu kikilowa, hachezi. Hapakuwa na rufaa.

Mwaka wangu wa sita nahodha wangu alilowesha kiatu asubuhi ya fainali. Nikamweka benchi, tukafungwa mawili bila. Mkuu wa Chuo aliniita, nami nikaenda nikiwa nimejiandaa kwa karipio. Alichoniuliza ni kama nahodha amepata dawa. Nikajibu ndiyo. Akanimiminia chai.

Basi, miaka ikaenda. Wakuu wengine watatu wakapita, mmoja mpole, mmoja bahili, mmoja aliyependa kwaya kuliko mpira, na wote waliniacha nifanye kazi yangu. Wa tano ndiye aliyekuja na makabrasha ya rangi. Alikuwa kijana kwangu, msomi, amevaa vizuri, na kila sentensi yake ilikuwa na neno "ushindani". Alituita wakufunzi wote ukumbini akatutangazia kwamba chuo kitajulikana kwa mpira, na kwamba ameajiri Kocha Mkuu kutoka klabu ya Dar es Salaam.

Mshahara wa Kocha huyo ulikuwa sawa na wa wakufunzi wanne ukiunganishwa. Juu yake kulikuwa na bonasi, fedha ya ziada kwa kila mechi tutakayoshinda. Sare haikuwa na kitu. Nusu fainali ilikuwa na bonasi kubwa, fainali kubwa zaidi. Paa la maktaba lilikuwa linavuja wakati huo, na wanafunzi wa sayansi walikuwa wakifundishwa majaribio kwa kuchorewa ubaoni kwa sababu dawa za maabara hazikuwepo. Nilisimama nikauliza kama mkufunzi wa biolojia naye atapewa bonasi wanafunzi wake wakifaulu. Watu walicheka. Mkuu hakucheka.

"Mwalimu, dunia imebadilika," alisema. "Mtu analipwa kwa matokeo."

Ningekuwa mtu wa maana ningeurudisha ufunguo wa stoo siku ileile. Sikuurudisha. Walinifanya kocha msaidizi, wakaniwekea karatasi mbele yangu, na ndani yake kulikuwa na sehemu ya kumi ya kila bonasi ya Kocha Mkuu. Nilikuwa najenga, kuta za nyumba bado tofali tupu, mama watoto amechoka na vumbi. Nikatia saini. Msidhani hasira yangu yote ni ya watu wengine.

Tulianza kushinda, nami sitasema uongo, Kocha alijua mpira. Lakini nilianza kuona mambo ambayo sikuwahi kuyaona kwenye uwanja ule. Zamani kila mwanafunzi wa somo la michezo alicheza, hata yule mwenye miguu miwili ya kushoto, kwa sababu kesho angesimama mbele ya watoto. Sasa walicheza kumi na mmoja walewale, na wengine walibeba chupa za maji. Wachezaji walitolewa kwenye mazoezi ya kufundisha, zile wiki ambazo mwalimu mtarajiwa hupelekwa shuleni kujaribu kazi, ili wasikose mechi. Mkufunzi wao alipolalamika aliambiwa asiwe kikwazo cha maendeleo. Tulipotoka sare, Kocha hakumsalimu mtu siku nzima. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijikuta nikihesabu mifuko ya saruji dakika ya themanini mpira ukiwa bado unachezwa.

Kulikuwa na winga anaitwa Lomayani, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima. Baba yake aliuza ng'ombe wawili ili aje chuoni. Alikuwa mwepesi, mkimya, na alikuwa na kipaji ambacho Kocha hakukiona kabisa: alijua kufundisha. Nilimkuta siku moja akimwonyesha mtoto wa mpishi jinsi ya kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa. Alirudia mara ishirini, kila mara kwa mwili wake mwenyewe, bila kuchoka wala kumcheka. Nikajiambia huyu ndiye atakayeshika filimbi yangu nikiondoka.

Kwenye nusu fainali Lomayani aligongwa, goti la kulia likazunguka. Fainali ilikuwa siku nne mbele. Muuguzi mpya wa zahanati aliliona limevimba akasema apumzike wiki tatu. Kocha alisema wauguzi ni watu waoga.

Asubuhi ya fainali nilitoa ndoo stoo nikaenda nayo kwenye tangi. Nikaijaza mpaka ukingoni. Lomayani alikuwa anapanda kuja, na Kocha nyuma yake na mkebe wa dawa ya ganzi, ile ya kupuliza, inayoua maumivu bila kutibu kitu.

"Mwalimu, hiyo ndoo ni ya kupigia deki," Kocha alisema. Akamgeukia Lomayani. "Unaweza?"

Nani asingejibu anaweza? Mwanafunzi, mtoto wa mfugaji, mbele ya mtu anayelipwa kuliko wakufunzi wanne, chuo kizima kimeshapaka nyuso rangi. Alijibu anaweza. Lakini hakumwangalia Kocha alipojibu. Aliniangalia mimi, kisha akaiangalia ndoo. Alisubiri.

Nilisema, "Kocha ameshasema."

Nimekaa na maneno hayo mawili tangu siku hiyo. Nikaiinamisha ndoo, nikamwaga maji kwenye majani.

Tulishinda. Lomayani alitoa pasi ya bao katika kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili alijaribu kugeuka peke yake, hakuna aliyemgusa, na goti likaondoka. Nilisikia mlio wake nikiwa benchi. Kano inayoshikilia mfupa wa paja na wa muundi ilikatika kabisa. Kocha aliita mtu wa kuingia kabla sijafika alipoanguka.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali mjini, kwenye gari la kubebea vyakula vya chuo. Tulikaa kwenye benchi la mbao tukingoja picha, mguu wake umelala juu ya mapaja yangu, jua la alasiri likitupiga usoni. Simu yangu ikatetemeka. Ilikuwa ujumbe kwamba sehemu yangu ya bonasi ya fainali imeingia. Lomayani aliuona, maana simu ilikuwa mkononi mwangu mbele ya macho yake. Akaniuliza kama ni habari njema. Nikamwambia ni ya nyumbani tu.

Wiki iliyofuata nilimwendea Mkuu wa Chuo. Picha yake na kombe ilikuwa imeshatundikwa pale ilipokuwa ramani ya Afrika. Nilimwambia kijana anahitaji upasuaji, na kwamba fedha aliyolipwa Kocha kwa mechi ile moja ingetosha na kubaki. Alinisikiliza kwa adabu. Akafungua jalada, akapekua, akalifunga.

"Mwalimu, mkataba hauna kipengele cha goti," alisema.

Nimefanya kazi chini ya wakuu watano na sijawahi kusikia mtu mzima akitamka kitu cha aibu namna ile kwa sauti ya kawaida. Mkataba ulikuwa na kipengele cha nusu fainali, cha gari la kumchukua Kocha, hata cha maji yake ya kunywa. Chuo kilitoa magongo ya kutembelea. Baba yake aliuza ng'ombe tena. Upasuaji ulichelewa, na ukichelewa goti haliwi lilelile. Kocha Mkuu aliondoka msimu ulipoisha, chuo kingine kilimpa zaidi. Hakuwahi kufika wodini.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Waliniandalia sherehe, wakanipa kochi na hotuba iliyojaa neno "ushindani". Niliomba ruhusa ya kuondoka na kitu kimoja kutoka stoo, wakadhani nataka mpira wa fainali. Nilichukua ndoo. Sasa naishi Sekei, na plasta ya ukuta wa sebule ulio nyuma yangu ninapoandika haya ilitoka kwenye fedha ya siku ile. Wageni husifu ilivyonyooka.

Mwezi uliopita Lomayani alikuja. Sikuwa nimemwona tangu nistaafu. Anafundisha biolojia sekondari moja huko kwao, na shule imemwongezea michezo kwa sababu hakuna mwingine. Mke wangu alimpa chai, nami nikamkalisha kwenye kiti kinachotazama dirisha, ili asiuangalie ukuta. Niliogopa alichokuja kusema. Tuliongea habari za mvua na za baba yake.

Kisha akasema, "Mwalimu, nimekuja kuomba ile ndoo. Wanafunzi wangu wanaumia, na kila mmoja ananiambia anaweza."

Nilimletea. Alitoka nayo uani, akaijaza bombani mpaka ukingoni, akaishika kwa mkono wa kulia na kusimama juu ya ngazi za mlango wangu. Ni ngazi tatu tu. Nikamwambia aache, akanijibu kwa upole nimwache. Ya kwanza alishuka vizuri. Ya pili goti likastuka, na maji yakammwagikia kiatuni.

Aliiweka ndoo chini, akakitazama kiatu kile.

"Hata siku ile yangemwagika," alisema. "Nilijua. Nilikuwa nasubiri uniambie niibebe."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Alimwagia migomba maji yaliyobaki, akaitundika ndoo tupu mkononi, akaniaga kwa heshima. Nilisimama mlangoni nikimtazama akishuka barabara ya Sekei, akichechemea, mpaka alipokata kona. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaokuja kuniuliza mkataba mnono unadaiwaje, msije tena. Nendeni kwake, mkajaze ndoo.