Kiti cha Kuangaliana na Mkwe

Nianze kwa kusema siombi mtu msamaha. Shemeji yangu bado huambia watu ati nilimwaibisha ndani ya treni. Dada yangu akiulizwa ananyamaza, na hiyo kunyamaza kwake iliniuma kuliko mikono ya askari. Mimi ni mtu wa kusema. Wacha niseme.

Sisi ni watu wa Embu ya chini, upande wa Mbeere, kule kwa jua na ndengu na mbuzi. Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu Embu mjini. Shule niliacha kidato cha pili. Simu nilijifunza mwenyewe kwa kufungua na kuharibu, na Kizungu nikajifunza hivyo hivyo, kwa kufungua na kuharibu. Dada yangu ndiye alisoma. Akaolewa na jamaa wa Timau, kule juu kwa baridi na mashamba ya ngano, mtu wa kompyuta, na hiyo kompyuta ikawapeleka Johannesburg. Huko dada akazaa msichana. Mjukuu wa kwanza wa mathe, mama yetu.

Dada akatuma tiketi mbili, ya mathe na yangu, kwa sababu mathe hajui Kizungu na ndege alikuwa anaziona tu zikipita juu. Mpango ulikuwa akae mwezi mzima. Aoshe mtoto, ambebe mgongoni, ampikie mzazi uji. Hiyo tu. Hakutaka kuona mji, hakutaka kupigwa picha. Alichambua wimbi na mawele mwenyewe, akasagisha, akafunga unga kwa kiondo chake akakataa kiwekwe na mizigo ingine. Ndani ya ndege alikilalia kama mto.

Sasa lazima nieleze kitu, ndiyo usije ukacheka kama wale wengine walicheka. Kwetu kuna heshima tunaita nthoni. Mama na mume wa msichana wake hawasalimiani kwa mkono. Hawakai kiti kimoja, hawali wakiangaliana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kando kwa majani mwenzake apite. Si chuki. Ni kumwambia mtu, nakuheshimu mpaka siwezi kukuzoea. Na shemeji asiniambie hakuwahi kusikia, kwa sababu Wameru nao wanaijua. Nyanya yake kule Timau angejitupa ndani ya ngano akiona mkwe wake anakuja.

Siku ya harusi hakukuwa na shida. Mathe alikaa kwa hema ya kina mama, shemeji akakaa mbele na suti yake, kila mtu akala upande wake. Shida ilianzia kwa simu. Dada akipiga ya video, shemeji naye anaingiza kichwa, anasalimia, anauliza habari ya mvua. Na mathe anajibu! Anacheka. Siku moja alimpeleka mpaka kwa zizi akamwonyesha mbuzi imezaa mapacha. Nikamwuliza, na ile heshima yenu imeenda wapi? Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga wa boma.

"Huyo si yeye," akasema. "Hiyo ni simu."

Kwake ilikuwa imeisha hivyo. Na ukifikiria, iko sawa. Simu unaizima unaweka kwa mfuko. Mtu huwezi kumweka kwa mfuko. Lakini shemeji alikuwa upande ule mwingine akifikiria amepata mama mkwe wa kisasa, na dada yangu, mwenye alijua pande zote mbili, akaona haya kumwambia bwana yake. Mathe hata alikuwa amemwuliza atalala wapi. Dada akasema kuna kanyumba ka wageni nyuma, kana mlango wake na choo chake. Mathe akashukuru. Alikuwa amepanga kila kitu kwa kichwa: mkwe akienda kazini anaingia kwa nyumba kubwa, mkwe akirudi anarudi kwa kanyumba kake. Huo ni mwezi mzuri. Hakuna mtu angeumia.

Tulipotoka nje ya ule uwanja wa ndege wa Johannesburg, shemeji alikuwa amesimama hapo, simu mkononi, anatupiga video. Akapanua mikono yake kuja kumkumbatia. Mathe akaingia nyuma ya kigari cha mizigo, akajifunika mdomo na leso, akasalimia chini. Shemeji akacheka, akasema safari imemchosha. Mimi nikamvuta kando nikamwambia, kwa upole kabisa, na upole si kitu yangu, kwamba mathe hawezi kukaribiana na yeye, asimkimbize. Akanipiga bega. Akaniambia hayo mambo yaliisha, yeye na mum ni marafiki, huongea kila Jumapili.

Gari lake alikuwa ameacha nyumbani makusudi. Alitaka tuingie mjini na treni ya express. Alikuwa anaiongelea kama yeye ndiye aliichonga: haina kelele, haina vumbi, kabla umalize kukaa umefika. Na ni ukweli, hiyo treni ni safi kuliko hospitali. Nilitamani kuipenda. Tukaingia, na shemeji akachagua vile viti vinne vyenye mbili zinaangalia mbili. Akamwekea mathe kiondo kwa kiti cha dirisha, halafu yeye mwenyewe akakaa hapo mbele yake. Goti kwa goti. Akainua simu, anataka kuchukua uso wa mama mkwe akiona treni mara ya kwanza, awatumie watu wa kwao.

Mathe hakukaa hata kidogo. Alichukua kiondo chake, akaenda mwisho wa behewa karibu na mlango, akasimama huko, ametupa mgongo. Ni kitu rahisi. Ni kutoka kwa njia ili mwenzako apite. Sema tu ndani ya treni hakuna majani ya kuingia.

Nikamwambia shemeji amwache. Nilimwambia mara ya kwanza vizuri. Treni ikaanza kutembea, yeye akasimama na simu yake bado inarekodi, akamfuata.

"Mum, ni mimi," alikuwa anasema. "Yule wa kwa simu."

Mathe akasonga. Yeye akasonga. Watu wakaanza kucheka, si kwa ubaya pengine, lakini kicheko ni kicheko. Mwanamke wa miaka yake anafukuzwa ndani ya behewa na mume wa msichana wake, na leso kwa uso. Treni ikapunguza mwendo, kuna kituo hapo katikati, milango ikafunguka. Mathe aliona nafasi ya kumpisha mkwe wake, akaichukua. Akatoka nje. Milango ikafungwa, na treni ikaondoka.

Nilimwona kwa dirisha. Alikuwa amesimama kwa ile simiti, kiondo amekikumbatia, anaangalia chini. Hakupunga mkono, hakupiga kelele. Alikuwa anangoja sisi tupite.

Hapo nilimshika shemeji kola. Sijui mnataka niseme nini. Mamangu amebaki kwa nchi ya watu, lugha hajui, simu yake iko kwa mfuko wangu, na huyu ananiambia nitulie, tutampata, yuko salama. Nikamwambia kwa sauti yenye behewa yote ilisikia, Kiswahili na Kizungu na kile kingine cha nyumbani, kwamba yeye ni msomi wa bure, kwamba mtoto wa mbuzi anajua kukaa na mkwe kumshinda. Askari akakuja. Akanishika mikono nyuma. Na unajua shemeji alimwambia nini huyo askari? Hakusema ni shemeji yangu. Alisema, "Ni wageni wangu, wametoka kijijini, hawajazoea vitu." Akitengeneza tai.

Hiyo neno nimekaa nayo. Hawajazoea vitu. Mtu mwenye alikula mbuzi yetu siku ya harusi.

Askari aliniachilia kwa kituo kilichofuata, tukarudi na treni ya upande ule mwingine. Mathe alikuwa pale pale. Alipoona shemeji anakuja nyuma yangu akageukia ukuta. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mtoto ni huku. Nikamwambia bado, tunaenda. Akasema sawa. Nikapanda na yeye behewa lingine, shemeji akapanda lake, na nikafikiria hapo imeisha, ameelewa.

Ilikuwa ndiyo inaanza. Tulipotoka kwa kituo cha mjini shemeji akapiga simu nyumbani, akaweka sauti kubwa ili nisikie. Akamweleza dada yangu kila kitu vile yeye aliona. Kwamba mama yako amenikimbia mbele ya watu kama mimi ni mwizi, na ndugu yako amenishika shati. Kwamba hiyo kanyumba ya nyuma si ya mtu mwenye hawezi kukaa na yeye. Kisha sisi wote tukangoja dada aseme. Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa analia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mathe alimsikia bila kushikilia simu mwenyewe, na akasonga mbele hatua moja.

"Mum," dada akasema. "Si ungekaa tu? Kidogo tu, mpaka mfike?"

Alisema kwa Kiswahili, si kwa kile chetu. Kwa sababu bwana yake alikuwa anasikia.

Nilitaka kuvunja hiyo simu. Mimi nimelala njaa na huyo dada. Nimepigana na vijana wakubwa kunishinda kwa ajili yake, na huyo dada ndiye mtoto wa huyu mwanamke amesimama hapa na unga wa uji. Mathe aliniambia nimtafutie mahali pa kulala.

Tukalala kwa nyumba ya wageni, mtaa mwingine, chumba kimoja, kitanda yangu hapa na yake pale, na televisheni inaongea lugha ya watu. Mathe alilala akiangalia ukuta. Dada alikuja na mtoto mchana, bwana akiwa kazini. Alikuwa anaangalia saa. Alilia, mathe akamfuta, mimi nikatoka nje kwa sababu ningesema. Nilisikia mathe akimwuliza kama maziwa yanatoka vizuri, kama analala. Mambo ya treni hakuyataja. Alimpa unga. Dada akasema asante, halafu akasema daktari amemwambia asikunywe uji mwingi. Akarudi siku ingine, akakaa kidogo kuliko ile ya kwanza. Halafu akapiga simu akasema nyumbani kumechacha, shemeji amejua anakuja, tungoje hasira ipoe.

Mathe alingoja siku chache, amekaa kwa kitanda na leso ya kubebea imekunjwa kwa mapaja. Kisha akaniambia nibadilishe tiketi. Nikamwambia hapana, niachie, naenda kwa hiyo nyumba na nitaongea na huyo mtu. Akasema ndiyo maana anataka twende.

"Nyumba yenye wanagombana juu yangu, mtoto hawezi kuoshwa hapo na akalala," akasema.

Siku ya kurudi dada alitupata kwa kituo cha treni. Alikuja na mtoto, na shemeji ndiye aliwaleta. Hakutusalimia. Alienda mpaka mwisho kabisa, kule watu hawafiki, akasimama ametupa mgongo, mikono mfukoni, kisirani kimejaa mpaka kwa mabega. Nilianza kwenda kumwambia yake. Mathe akanishika mkono. Alikuwa anamwangalia huyo mtu kwa mara ya kwanza bila kujifunika, na uso wake umefunguka.

"Mwone," akasema. "Leo amesimama kama mkwe."

Hakuwa anachekesha. Alikuwa amefurahi, na hiyo ndiyo inanichoma mpaka leo. Yule alikuwa anamtukana na mathe akaipokea kama heshima, na hakuna mtu alikuwa na haki ya kumwambia tofauti. Hata mimi.

Akafunga mtoto mgongoni na leso, akaanza kutembea, huku na huku, akimwimbia ile sauti ya chini isiyo na maneno. Treni ikaja, milango ikafunguka. Hakuangalia. Ikaenda. Dada akaangalia saa yake, akaangalia kule bwana yake amesimama, akaniangalia mimi. Nikamwambia wewe jaribu tu kufungua hiyo leso. Treni ingine ikaja, nayo ikaenda bila sisi. Mtoto alikuwa amelala, shavu limebanwa kwa sweta ya mathe. Shemeji huko mwisho alikuwa amechoka kusimama na hawezi kugeuka, kwa sababu akigeuka ni kama ameshindwa.

Mwishowe dada alisema ndege itatuacha. Alisema kwa kile chetu, ndiyo mara ya kwanza safari nzima. Mathe akainama, dada akashika mtoto kwa nyuma, fundo likafunguliwa.

Ndani ya treni kulikuwa na viti tele. Mathe akakaa dirishani. Mtoto alikuwa amemcheulia maziwa kwa bega, yamekauka nusu, na nilipotoa kitambaa nimfute alisogeza bega akaniambia niache. Alikaa wima njia yote, hakuegemea kiti, hata tulipofika uwanja wa ndege, hata angani.

Dada hupiga siku hizi. Mathe hushika. Mimi nikiwa karibu hutoka nje.