Jogoo Mrefu Kuliko Mlango

Nilimtoa mtoto kwenye ziwa kabla hajashiba, nikasimama, nikamnyang'anya mwenyekiti brashi. Matone ya rangi nyekundu yalianguka mezani na kwenye mguu wangu. Mtoto akaanza kulia. Akina mama wengine waliacha kukata, mikasi ikabaki wazi mikononi mwao.

"Wewe msichana," mwenyekiti akasema, "umeingiwa na nini?"

"Umempaka kuku wangu."

"Nimemtengeneza."

"Hakuwa ameharibika."

Hayo ndiyo niliyoweza kusema wakati huo bila kutukana. Brashi nilibaki nayo. Iko nyumbani mpaka sasa, nywele zake zimekauka ngumu kama msumari.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, Krismasi ikikaribia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata cheti na mimba katika mwaka mmoja, na kilichowekwa sandukuni kilikuwa cheti. Mume wangu aliendesha lori la idara ya misitu kule Isecheno na kurudi nyumbani Jumamosi. Siku zilizobaki nilikuwa na mtoto na mama mkwe. Niliposikia kwamba kuna kikundi cha akina mama kinachotengeneza kadi za salamu kwenye ukumbi wa mjini Kakamega, nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda.

Mwenyekiti alikuwa mke wa afisa mkubwa wa serikali. Sikumbuki aliyempigia kura. Alikuja na ufunguo wa ukumbi, na mwenye ufunguo akawa mwenyekiti.

Kadi zetu hazikuhitaji rangi za kununua. Tulichukua maganda makavu ya shina la mgomba, tukayabandua taratibu, tukayanyoosha kwa pasi ya makaa mpaka yakalala kama karatasi, tukayakata kwa wembe na kuyabandika kwenye manila kwa uji mzito wa muhogo. Ganda la nje ni jeusi kama kahawa. La kati lina rangi ya chai ya maziwa. La ndani kabisa linakaribia weupe. Mtu akiwa na macho, hayo yanamtosha.

Lakini kadi zenyewe zilikuwa mbaya, na yangu ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote. Niliweka nyumba, mama na mtungi wake, ng'ombe wawili, jua, na mlima wenye theluji, wakati huku kwetu hakuna mlima wala theluji. Juu yake bendera, kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameagiza rangi zote za bendera zionekane kwenye kila kadi, na zionekane sawasawa. "Nchi ni yetu sasa," alituambia. "Kadi nayo ijulikane ni yetu." Nani angebisha hapo? Tukabandika, nyekundu na kijani zikitoka kwenye karatasi za pakiti. Kadi zikajaa kama gunia la mtu anayehama, na jicho likikosa pa kukaa linachoka haraka.

Nilijifunza pa kuanzia nikiwa nasiriba nyumba ya mama mkwe. Kwetu nyumba hupakwa upya kabla ya Krismasi kwa udongo na mavi ya ng'ombe: chini mkanda wa udongo mweusi, juu yake udongo mweupe. Nilikuwa na haraka, mtoto alikuwa na homa, na udongo mweusi ulikuwa mwingi kwenye ndoo. Nikaupandisha mpaka kiunoni.

Mama mkwe alitoka jikoni akatazama, akacheka mpaka akashika ukuta ambao haujakauka.

"Umevalisha nyumba yangu gamubuti!"

"Mama, si ni rangi tu."

"Wageni watauliza mafuriko yalifika hapa lini."

Hakunionyesha la kufanya. Alirudi jikoni akicheka. Nikaenda barabarani nitazame mwenyewe. Nyumba ilikuwa imezama kweli. Nikarudi na matambara, nikaufuta mkanda kidogo kidogo, kila mara natoka tena barabarani. Ulipofika gotini nyumba ikasimama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba rangi nyeusi ina uzito, kwamba kidogo chini kinabeba kingi cheupe juu, na kwamba ukiwa umeinamia kazi huwezi kuliona hilo.

Basi kadi iliyofuata niliitengeneza kama ukuta. Ganda jeusi chini, ukanda mwembamba. Juu yake ganda jeupe, pana, bila kitu. Mlango mdogo wa rangi ya kati, upande wa kushoto. Niliiegemeza kwenye sufuria nikarudi nyuma. Ilikuwa imetulia, lakini ilikuwa imelala. Jicho liliingia mlangoni halikutoka tena.

Nikamkata kuku. Kuku jike, mdogo, wa ganda la kati, na kilemba chake nikakikata kutoka kwenye karatasi nyekundu ya pakiti ya majani ya chai. Kilikuwa kidogo kama punje ya wimbi, na hakukuwa na nyekundu nyingine kwenye kadi nzima. Nilipomweka katikati alionekana kama anangoja kupigwa picha. Nilipomweka karibu na mlango alikuwa mgeni. Nikamsogeza, nikamsogeza, mpaka pembeni kabisa kulia, juu ya mkanda mweusi, mkia kwa mlango. Hapo kadi ikaamka. Mlango ulivuta upande mmoja na kile kinukta chekundu kikavuta upande wa pili, na weupe wote wa katikati ukapata kazi.

Mama mmoja aliyekaa benchi moja nami aliiangalia, akapiga paja. "Ingokho huyu anajua Krismasi imefika. Ona anavyoondoka!"

Sikuhitaji sifa nyingine. Mtu yeyote wa huku anajua kuku anakuwanga wapi asubuhi ya Krismasi, na kwa nini asingependa kukaa karibu na mlango wa jikoni.

Kikundi kilikubali muundo huo, ingawa rangi za bendera hazikutimia. Nilitengeneza kadi kadhaa za namna hiyo, ziende Nairobi kwenye maonyesho ya kazi za akina mama, ambako muundo mmoja ungechaguliwa upigwe chapa. Sharti lilikuwa kila kadi iwe na jina la mtengenezaji nyuma. Niliandika langu kwa wino, polepole. Tangu niolewe jina langu halikuwa limeandikwa popote ila kwenye kadi ya kliniki, na hata huko walikuwa wameandika "mama wa mtoto". Nilitaka liende Nairobi. Hiyo ndiyo shida yangu yote katika habari hii, na sioni haja ya kuipunguza.

Sasa mwenyekiti. Upande wetu watu wengi walikuwa wamekipigia kura chama kile kingine, kikavunjwa, na sasa kila mwenye cheo alikuwa na haraka ya kuonyesha mapenzi yake kwa chama kilichobaki. Alama ya chama kilichobaki ilikuwa jogoo. Mwenyekiti alipochungulia kadi zangu hakuona kuku wa Krismasi. Aliona jogoo wa chama, mdogo, amejificha pembeni, na amegeuza mkia.

Alikuja na mkebe wa rangi ya mafuta iliyobaki walipopaka jukwaa la sherehe. Mimi nilikuwa benchi la nyuma nanyonyesha. Niliinua kichwa niliposikia mtu anakohoa kwa makusudi. Mwenyekiti alikuwa ameshafika kadi ya mwisho. Kila kuku alikuwa amegeuzwa jogoo mwekundu, kifua mbele, kilemba kimeupita mlango. Ule weupe wote haukuwepo tena.

Ndipo nikanyang'anya brashi, kama nilivyosema. Kisha nikamwambia, "Huyu si jogoo. Ni kuku jike. Ni wa kuliwa."

Mwenyekiti aliweka mkono kifuani. "Wa kuliwa? Unataka kumla jogoo wa chama?"

"Na wali au na obusuma?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alifunika mkebe wake, akakusanya kadi, na kabla ya kutoka akanigeukia. "Zitakwenda hivi hivi. Na jina lako liko nyuma, ushukuru."

Kadi moja aliisahau mezani, nikaichukua. Asubuhi mafuta yalikuwa yamepenya manila. Nyuma, jina langu lilikuwa katikati ya doa kama la karatasi ya kufungia mandazi.

Jumamosi nilimwonyesha mume wangu.

"Jogoo mzuri," alisema.

"Ni mrefu kuliko mlango."

"Labda mlango uko mbali."

Nikamweleza yaliyotokea, na kwamba nataka kulalamika kwa maandishi. Alisikiliza, kisha akavua kofia ya kazi akaiweka mezani, jambo analolifanya akiogopa. "Usiandike mahali popote. Bwana yake yule mwenyekiti ndiye anayetia sahihi safari zetu."

"Basi atie."

"Mama watoto, ni kuku wa karatasi."

"Na jina je? Ni la karatasi?"

Jumatatu nilienda ofisi ya Maendeleo ya Jamii, mtoto mgongoni na barua mkononi. Karani aliuliza kama ni malalamiko ya shamba.

"Hapana. Ni ya kuku."

"Ameibwa?"

"Amepakwa rangi."

Akaweka kalamu chini. "Mama, nenda nyumbani upumzike."

"Nigongee muhuri kwanza, nitapumzika."

Akagonga. Niliyoyaandika ni haya.

"Kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii. Kuhusu kuku wangu.

Mimi ni mwanachama wa kikundi cha akina mama wa kadi. Nalalamika kwamba mwenyekiti wetu alibadilisha kadi zangu bila idhini yangu, nikiwa nanyonyesha. Naambatisha kadi mbili. Moja ni niliyoiweka nyumbani, ambayo haikuguswa. Ya pili ni jinsi zilivyo sasa zote. Tafadhali zisimamishe juu ya kabati, urudi nyuma mpaka mlangoni, uzitazame. Kwenye moja utaona nyumba. Kwenye ya pili utaona jogoo, na nyumba ambayo hawezi kuingia.

Na chama sina ugomvi. Kikitaka jogoo nitakitengenezea jogoo, kwenye kadi yake, na nyumba yenye mlango unaomtosha.

Ninaomba jambo moja. Kabla bahasha haijaenda Nairobi, jogoo aondolewe au jina langu liondolewe. Wawili hao wasisafiri pamoja.

Brashi ya mwenyekiti ninayo. Nitairudisha nitakapojibiwa."