Neno Risaga Katika Hesabu za Nyamongo

Manasseh Nyamongo Ombui alikuwa mtu wa Nyamarambe. Babu yake ni Nyangate, yule aliyepasua mwamba kwa moto na maji baridi mpaka akina mama wakapata njia ya kushukia mtoni. Baba yake ni Ombui, aliyepanda kahawa wakati wenzake wakimcheka kwamba atakula maua. Nyamongo mwenyewe alishika kalamu. Aliweka hesabu za chama cha kahawa cha kijiji tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Kwa karani wa kahawa hiyo si sifa ndogo.

Upepo ulipong'oa paa na kubomoa kuta za kiwanda chao cha kumenyea kahawa, chama hakikuwa na pesa za mafundi. Watu walitoka kwa risaga, kama wanavyotoka kumlimia jirani: kijiji kizima mgongo chini, na mwenye kazi anapika. Walibeba mawe, wakapasua mbao, kiwanda kikasimama. Kwenye mkutano mama mmoja akainuka akauliza mbona misumari imeandikwa kwenye hesabu na migongo yao haikuandikwa. Watu walicheka, lakini Nyamongo hakucheka. Alikadiria kazi ile ingegharimu ngapi, akaiandika chini ya mtaji wa wanachama, kwa neno moja: Risaga. Wakaguzi walikuja mwaka baada ya mwaka, wakatabasamu, wakapiga muhuri.

Ndipo ukaja mwaka wa tisini na sita. Muungano wa vyama, ule wa mjini Kisii, ukanunua programu ya kompyuta. Unaichapia taarifa ya hesabu jinsi ilivyo, nayo inasoma kila neno na tarakimu yake, inaliweka katika chumba chake: mali huku, deni kule, mtaji pale. Hivyo mkubwa wa Nairobi anavilinganisha vyama vyote bila kufungua jalada hata moja. Kazi ya kuchapa alipewa Urvish, mwana wa Dinesh mwenye duka la vyuma, aliyekuwa na kompyuta nyuma ya makasha ya misumari.

Majibu yaliporudi, chama cha Nyamongo kilikuwa kimezama kwenye madeni. Barua ya muungano ikasema kiwanda kifungwe kuanzia Jumatatu.

Nyamongo alivaa koti la kanisani akaenda kwa ofisa wa muungano, akamweleza kwamba chama hakijakopa kwa mtu. Ofisa hakumtukana. Alimpa hata kiti. Kisha akamwambia, "Mzee, wewe unaweza kunibembeleza, na mimi naweza kukuhurumia. Hii kompyuta haina ukoo Nyamarambe."

Akashuka mpaka dukani kwa Dinesh. Urvish akageuza kioo cha kompyuta amwonyeshe, na hapo Nyamongo akaliona neno lake, limekaa katikati ya madeni kama mgeni aliyeingizwa nyumba isiyo yake.

"Nani aliliweka hapa, kijana?"

"Yenyewe, mzee. Ina kamusi yake ndogo. Neno isilolijua inalitupa kwenye madeni, ili mkaguzi aliangalie."

"Na mkaguzi aliangalia?"

Urvish akajikuna shingo. "Walisema sasa hawahitaji mkaguzi."

Nyamongo akaomba neno lile lifundishwe kwenye hiyo kamusi. Urvish akasema kamusi imefungwa na wenye programu huko Nairobi. Akaomba basi pale penye risaga paandikwe mtaji tu, yaishe. Hilo lingewezekana, ila diski yenye taarifa ilikwishaondoka kwenda Nairobi na mwaka wa hesabu umefungwa; taarifa nyingine haipokelewi mpaka mwakani. Nyamongo akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama yeye Urvish anajua risaga ni nini.

"Mimi nimezaliwa Kisii, mzee, si Bombay. Risaga naijua. Mashine ndiyo haijui."

Hakukuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililomshinda. Mwizi angemshtaki. Adui angemsema barazani. Ataishika wapi shati programu?

Jumapili alimkuta bintiye Tryphosa akichambua mboga nje ya jiko. Kahawa ilikuwa imeiva nyekundu kila shamba, na ikishachumwa haisubiri. Isipomenywa siku hiyo hiyo, inachacha. Mwenyekiti wa chama alikuwa amekitia kiwanda kufuli, lakini mashamba ya mbali hayakuwa na habari. Nyamongo alijaribu kwenda mwenyewe kuwaambia, akafika kwenye ua wa nyumba yake, akarudi. Wale waliobeba mawe angewaambia nini?

"Tryphosa mama," alisema, "kesho usiende sokoni. Kukipambazuka simama pale njia panda, chini ya mlima wa kiwanda. Kila mwenye gunia mgeuze aende kiwanda cha ng'ambo ya mto. Asipande mlima na mzigo bure."

"Wakiniuliza kwa nini, Baba?"

"Waambie wawahi, jua lisiwapate."