Mama Kupimwa Umama

Dada yangu alipoapishwa kuwa raia wa Amerika, jambo la kwanza alilofanya ni kumwombea Mama makaratasi ya kwenda kuishi naye. Mimi kitindamimba, niliyebaki Eldoret, nikapewa kazi ya kumwandaa Mama. Dada aliniambia hayo kwenye simu kama mtu anayeomba apelekewe kuku steji ya matatu.

Mama alikuwa akiishi Kapseret na ng'ombe wake wawili, peke yake tangu Baba afariki. Tulimsihi asimwambie mtu mpaka viza itoke. Alitii kwa namna yake: hakumwambia mtu mmoja mmoja, aliwaambia akina mama wa kanisa wote kwa pamoja, ili wamwombee. Nao wakaomba, kisha wakamwandalia chai ya kumuaga, wakamfunga leso mpya na kumpa blanketi zito la kupambana na theluji.

Shida ni kwamba Amerika haikuwa na haraka kama akina mama wa kanisa. Mahindi yakapandwa, yakavunwa, Mama bado yuko. Kila akija mjini alikutana na mtu wa kumshangaa, "Kumbe bado uko?" Mwishowe akawa ananituma mimi nimnunulie chumvi ya ng'ombe. Jumapili alikaa nyuma karibu na mlango, na kabla ya amina ya mwisho alikuwa ashafika barabarani. Nikamwambia basi arudishe blanketi. Akasema limeshazoea kitanda.

Kisha ubalozi ukatuma ujumbe. Cheti cha kuzaliwa cha dada kilitolewa akiwa mtu mzima, kwa hivyo walitaka kipimo cha DNA, kuhakikisha kwamba Mama ndiye aliyemzaa.

Nilimweleza akiwa anakamua. Hakuacha kukamua. Alisema huyo msichana alizaliwa wakati wa mvua, nyumba ikivuja na mkunga amechelewa, na kama Wamarekani wanataka ushahidi, waende wamuulize mkunga. Nikamkumbusha kwamba mkunga alishakufa.

"Basi wamwamini aliye hai," akasema.

Dada akapiga simu, akabembeleza, akalia. Mama akampa pole, lakini akasema hataachama mbele ya mgeni ili akwaruzwe kama sufuria. Siku kadhaa hakutaka hata tulitaje jambo lenyewe. Ndipo jioni moja, nikinywa chai jikoni kwake, nikamuuliza polepole, "Mama, ama kuna kitu unaogopa wataona?"

Kesho yake nikamkuta mlangoni kwangu mtaani Munyaka hata sijaosha uso, amevaa ile suti yake ya harusi za watu, mkoba mkononi, akiuliza Nairobi tunaenda lini.

Kipimo chenyewe kilikuwa kifupi kuliko maombi yake ya kabla ya chakula. Nesi alipitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu, basi. Mama akabaki ameachama, akingoja sehemu ngumu.

Majibu yalipotoka, dada alitupigia: yeye ni mtoto wa Mama, hakuna shaka. Nilidhani Mama angeguna tu. Badala yake alifurahi kama mtu aliyepata habari mpya kabisa. Kisha akanigeukia.

"Huyo ni wangu, sayansi imesema. Wewe bado hujapimwa."

Kwenye mahojiano, afisa alimuuliza anaenda kufanya nini huko. Mama akamwambia kwamba wajukuu wake wanasalimia watu wakitazama simu, na ni lazima mtu aende. Viza ikatoka.

Safari hiyo hakuaga mtu. Pale uwanja wa ndege alinipa maagizo ya ng'ombe: yule wa madoadoa hapendi kuharakishwa, na asikamuliwe na mtu aliyenuna. Akaninyooshea kola ya shati, akaingia bila kugeuka. Nilikuwa nimejiandaa kumfuta machozi. Nikaishia kujifuta yangu, bawabu akijifanya hanioni.

Sasa dada ndiye anayenipigia kulalamika. Mama amepanga jikoni upya, na watoto wanaamshwa alfajiri kuomba. Namwambia yeye ndiye aliyemwomba, tena kwa maandishi.

Mama mwenyewe hupiga saa ya kukamua, akijua atanipata zizini. Kwa kawaida huulizia ng'ombe kwanza, mimi baadaye. Lakini juzi hakuuliza chochote. Alisema amepelekwa kwenye duka kubwa, akaona majani machache ya sukuma wiki yamefungwa vizuri kama zawadi ya bibi harusi.

"Nilicheka pale peke yangu," akasema. "Nikaangalia nimwambie nani, hakuna. Ndio nakuambia wewe."

Nikaweka ndoo chini, nikamwomba anieleze tena, tangu walipoingia dukani.