Siki ya Achari ya Pweza

Achari ya pweza ilikuwa wazo la Hadia, lakini siki haikuwa yake, na hilo nalisema wazi kwa kuwa siku hizi wako wanaojitia kusahau. Alitoka Pate akiwa mjane, akapanga chumba mtaa wa Wiyoni, hapa Amu, na katika kikundi chetu cha wanawake tisa yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Sisi wengine tulitengeneza achari ya embe na ya ndimu, basi. Yeye akaona hata pweza aweza kuingia chupani. Alitaka sana ifanikiwe, maana hakuwa na kingine cha kumweka Amu.

Mwenyekiti wetu, Bi Hayat, ni mtu wa Mkomani, mtaa wa wenyeji wa kale. Kwao siki na bizari huchanganywa mlango umefungwa, na kipimo hakitoki nje ya nyumba. Hata kikundini alichanganya hivyo hivyo, peke yake chumbani. Hadia alipomwambia kwamba pweza ataka siki kali kuliko embe, Bi Hayat alimvunja uso mbele yetu sote.

"Mtu wa Pate ataka kunifunda mimi kupika?"

Tulicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Tulipika Ramadhani, ili chupa arobaini zifike dukani kwa Harith, karibu na gati, kabla ya Idi. Sheria yamruhusu mpishi aliyefunga kuonja kwa ncha ya ulimi, kisha ateme. Bi Hayat alikataza. Alisema yeye akinusa yatosha, na asiyemwamini aondoke. Siku hiyo Hadia alikuwa na udhuru wa kike, hakufunga. Tulipompa kisogo akaonja. Siki ilikuwa kipimo kile kile cha embe. Akanitazama, nikajua kuna jambo, nami nikaendelea kukaza vifuniko. Naye akafyata ulimi.

Idi pili vifuniko vilikuwa vimefura na duka zima linanuka. Harith alizirudisha chupa zote juu ya punda, watu wakitazama, na hata achari yetu ya embe hakuitaka tena. Kikundi kilikufa wiki hiyo hiyo, na mjini pakasemwa kwamba achari ya yule Mpate ndiyo iliyotuponza.

Hadia alikuwa akifunga mizigo arudi kwao, nami namkunjia leso zake, Bi Hayat alipobisha hodi. Hakuketi.

"Ulikuwa wayua?" akamuuliza.

"Nalikuwa nayua. Nalionda kwa ulimi."

"Na hukunambia."

"Ungalinisikia, Bi Hayat?"

Nina kinyongo na Bi Hayat mpaka leo, lakini siku ile hakusema uongo.

"La," akasema. "Ningalikutoa kikundini."

Hadia akaliacha fundo alilokuwa akilikaza.

"Ndipo nikanyamaa," akasema, "nisitolewe." Kisha kilio kikamshinda.