Kamba ya Njia ya Kasenyi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote. Sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka. Wengi wamecheka mbele yangu na sikuwakasirikia.

Mimi ni mtu wa Kindu. Nilisoma sekondari kule, upande wa ufundi wa magari, halafu nikashindwa kukaa. Nikaenda Kisangani, nikafanya kazi, nikachoka. Nikapanda lori la bidhaa kuelekea mashariki: Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda. Tulikwama, tukachimba matope, tukasukuma, tukakwama tena. Kila jioni niliwaza mto wetu wa Kindu, na kila asubuhi nilizidi kuuacha nyuma. Sijui kueleza kwa nini. Nilifika Bunia miaka ile watu waliposema amani imerudi, ila waliisema kwa sauti ya chini. Mjini soko lilijaa. Upande wa Djugu, kaskazini ya mji, hukuweza kujua vizuri kinachoendelea.

Sikuwa na gereji. Nilikuwa nalifuata gari nyumbani kwa mwenyewe, na mfuko wangu wa funguo begani. Ndivyo nilivyofika kwa Mama Vumilia, mjane aliyehamia kutoka Butembo zamani, muuza samaki. Alikuwa na gari dogo kuukuu, na aliliendesha mwenyewe kwenda Kasenyi kuchukua samaki wa ziwani.

"Fundi, hii mutoka ikisimama inatetemeka kama iko na malaria," aliniambia. "Nikitoa muguu kwa mafuta, inazimika. Na binti yangu Neema iko kule Kasenyi, mimba imefika. Munganga wa hospitali alisema mutoto amekaa vibaya, lazima wamupasue hapa Bunia. Ikizimika kwenye mulima, siye tutafanya nini?"

Swali lake halikuwa la bure. Kutoka Kasenyi hadi Bunia ni kupanda ukuta wa mlima, kona juu ya kona. Gari likizimika pale linataka kurudi nyuma, na nyuma ni bonde.

Nikaanza kazi. Niliwasha injini, nikachomoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine. Ukichomoa waya na injini ikazidi kuyumba, basi silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na isibadilike, umempata mgonjwa. Hapa zote zilifanya kazi, ila kwa uvivu. Nikasafisha plagi, nikamwaga maji yaliyokuwa ndani ya kichujio, maana mafuta ya chupa ya barabarani huwa na mambo yake. Bado ilitetemeka. Mwishowe nikachukua kipande cha mpira wa bomba, ncha moja sikioni, nyingine nikaipitisha kuzunguka kabureta. Chini yake nikasikia hewa inafyonzwa, sss. Gaskiti inayoziba pale ilikuwa imepasuka, injini inakunywa upepo. Nikakata mpya, nikaifunga, nikarekebisha skrubu ya mwendo wa chini.

Ili Mama Vumilia aamini, niliweka kikombe cha chai juu ya injini ikiwa inanguruma. Chai haikumwagika.

"Kumbe imepona," akasema. Akachukua kikombe, akainywa ile chai. "Kesho tunaenda. Na weye unakuja, fundi. Ukiwa ulinidanganya, utasukuma."

Tulishuka Kasenyi vizuri, tukamkuta Neema ameshika kiuno. Uchungu ulikuwa umeanza kabla ya siku yake. Tukamlaza kiti cha nyuma, tukageuka hapohapo.

Tulikuwa tumepanda sehemu kubwa ya mlima, mvua nyepesi inanyesha, injini ilipoanza kutetemeka. Niamini, nilijua sauti ile si ya hewa wala ya plagi. Ilikuwa kama mtu anayeishiwa pumzi. Ikazima. Mama Vumilia akakanyaga breki, akavuta na ya mkono. Mbele yetu, kamba ilikuwa imevutwa katikati ya barabara, imefungwa vitambaa vyekundu, kama vizuizi vya wakati wa vita.

Mwanamume mmoja alikuwa ameishika ncha. Alivaa koti refu. Buti zake za mpira zilijaa maji mpaka juu, na ndani yake majani mabichi yalikuwa yameota, kana kwamba hajainua mguu tangu zamani. Je, niliogopa? Ningependa kusema niliogopa. Sikuhisi kitu. Niliyatazama yale majani kama ninavyotazama gurudumu lililoisha.

"Papa, fungua njia, tuko na mugonjwa!" Mama Vumilia alipiga kelele dirishani.

Yule mtu hakuomba sigara wala kitu chochote. Alinitazama mimi tu.

"Niko peke yangu," akasema taratibu. "Kuja unishikie."

Wewe ungefanya nini? Kila mtu aliyesafiri katika nchi yetu anajua: mlinzi akiwa peke yake, abiria hushuka, huilaza kamba chini, huikanyaga mpaka gari lipite. Nyuma yangu Neema alikuwa anamwita mama yake, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu mzima tena. Nikashuka. Yule mtu akaninyooshea ile ncha kwa mkono wa kulia, nami nikaipokea kwa mkono wa kulia, kwa adabu. Ilikuwa nzito kuliko kamba.

Hapohapo injini ikawaka, mwendo safi. Nikaikanyaga kamba, gari likapita juu yake. Nilipoinua macho, yule mtu alikuwa anapanda kilima kwenye majani marefu, bila viatu, bila haraka, kama mtu aliyemaliza zamu. Buti zilibaki barabarani zimesimama wima. Nikaiangusha kamba, nikaanza kukimbilia gari, nikaona linayumba tena.

"Panda mbio!" Mama Vumilia alikanyaga mafuta mpaka mwisho, hakuachia hata kwenye kona. Njia nzima hakunitazama.

Hospitali haikuwa na umeme wa mji siku ile, jenereta ndiyo iliyokuwa inanguruma uani. Walimwingiza Neema chumba cha kupasulia. Mimi nikaenda kuegemea ukuta karibu na jenereta, sauti ya injini hunituliza. Haikupita muda ikaanza kuyumba. Taa za dirishani zikafifia, zikarudi, zikafifia. Ndani mtu akalaani kwa Kifaransa. Nikainama kuangalia mafuta, kama fundi yeyote, na kadiri nilivyokaribia ndivyo ilivyozidi kukosa pumzi.

Mama Vumilia akatokea mlangoni. Alitazama jenereta, akanitazama mimi.

"Toka hapo! Toka kabisa, enda inje ya lango!"

Nikatoka. Nilipofika barabarani, jenereta ikanguruma sawasawa, na taa zikasimama.

Mtoto alizaliwa mzima, msichana, na Neema alipona. Mama Vumilia alikuja kuniambia pale nje, kisha akauliza, "Ile kamba, alikupatia na mukono?"

"Na mkono."

"Na weye ulipokea." Akakaa chini kando ya njia. "Papa fundi, weye hauko mutu wa huku. Wakati wa vita wanaume wa kila kartie, kila mutaa, walilinda kizuizi kwa zamu. Mutu hawezi kutoka mpaka mwenzake apokee kamba mu mukono yake. Ule hakupata wa kumupokea, sasa zamu iko yako. Kama hautaki zamu, unamwambia aiweke chini, kisha njo unaokota. Kila mutu hapa anajua. Nilipaswa kukuambia, lakini mutoto alikuwa analia."

Sikumlaumu. Ningelaumu nini? Mtoto yuko hai.

Nilirudi mahali pale kwa miguu, nikitaka kuilaza kamba chini inavyotakiwa. Sikukuta kamba wala buti. Madereva wanasema siku hizi kona ile haina shida yoyote. Lakini mimi, kila gari nililoliegemea likiwa linanguruma bila mwendo, lilianza kutetemeka na kuzima. Pikipiki vilevile, mashine za kusaga vilevile.

"Papa, kumbe kontakti ya kuwashia mutoka yangu iko mu mufuko yako?" dereva mmoja alinitania, na wenzake wakacheka. Baadaye wakaacha kucheka, wakaniomba nikae mbali na kituo. Fundi ambaye injini inakufa akiikaribia, atakula nini? Sina uchungu nao. Niligundua kwamba chombo kikiwa mwendoni sikidhuru. Ni kusimama tu karibu nami kunakokiua.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayesafiri njia zetu: mtu akikunyooshea kamba, hata kama una haraka, hata kama kuna anayelia nyuma yako, mwambie aiweke chini kwanza. Usipokee kutoka mkononi.

Siku niliyoondoka Bunia nisirudi tena, Mama Vumilia alikuwa anakwenda Kasenyi. Neema alisimama langoni na mtoto mgongoni. Walinifungia mihogo na samaki mkavu.

"Enda, papa," Mama Vumilia akasema. "Na usisimame-simame njiani."

Aliketi kwenye usukani akangoja, mkono kwenye ufunguo, mpaka nilipokata kona ya mwisho ya mtaa. Ndipo nikasikia gari likiwaka. Lilinguruma chini, taratibu, bila kukosa hata pigo moja, vile nilivyolirekebisha mwenyewe. Nililisikiliza huku natembea, mpaka sikulisikia tena.